Boga la Bibi Paraska

"Samahani dada, huyo aliyekutumia hiyo nguo anakujua kweli?"

Orysia aligeuka. Foleni ya dirisha la posta, ndani ya duka la dawa la barabara ya Main, ilikuwa imejipinda hadi kwenye rafu za sabuni, maana nusu ya mji wa Winnipeg, huku Kanada, ilikuwa imechagua mchana huohuo kuja kuchukua vifurushi vya Krismasi. Yeye alishachukua chake, na kwa kukosa subira akakifungulia hapohapo pembeni. Kofia ya manyoya imemshuka hadi kwenye nyusi, theluji inamyeyukia kwenye mabega ya koti la bluu, mikononi ameshika sweta jekundu lenye kulungu kifuani. Pua ya kulungu ilikuwa taa. Inawaka, inazima, inawaka, inazima. Na sweta lenyewe lingemtosha Orysia pamoja na jirani yake.

Aliyeuliza alikuwa kijana wa Kifilipino, mfupi, mabega mapana, ovaroli ya kazi imechungulia chini ya jaketi, anasukuma kwa goti boksi kubwa kama friji.

"Ni mama yangu," Orysia akasema.

"Ala! Nisamehe. Mdomo wangu huu."

"Usijali. Hilo swali hata mimi najiuliza kila mwaka."

Alitaka kucheka, lakini machozi yakatangulia. Mwanamke mzima, analia mbele ya rafu ya sabuni!

"Jamani, usilie basi. Mimi nimekuja kutuma mafuta ya kupaka na nyama za kopo kwetu Iloilo, sasa nimeliza mtoto wa watu. Lete nijaribu mimi." Akavua jaketi, akalivaa sweta juu ya ovaroli. Lilimkaa utadhani fundi alimpima. "Umeona? Mama yako alikuwa ananifikiria mimi, sema hajui ninakokaa."

Kulungu akakonyeza. Foleni nzima ikacheka, na Orysia naye akacheka huku anajifuta pua na glovu.

"Chukua basi. Lako."

"Bure sichukui." Kijana akafungua boksi lake, akatoa pakiti ya chokoleti. "Hii ilikuwa ya shangazi. Ana sukari, nimemwokoa. Naitwa Jomar."

Ndivyo walivyokutana. Mwaka ukapita na hakuna siku Jomar aliyomwita Orysia kwa jina lake. Ilikuwa Bi Kulungu asubuhi, Bi Kulungu jioni. Yeye alikuwa fundi wa mitambo ya joto, ile inayonguruma chini ya nyumba, na wakati wa baridi kali alikuwa anapokelewa majumbani kwa shangwe kuliko daktari. Orysia aliuza miwani. Alikuwa na macho mazuri ya kijivu na tabia moja mbaya: jambo likimtisha, anakaa kimya akitumaini litajiondokea lenyewe.

Orysia alilelewa na bibi yake. Sasa, hao ni watu wenye asili ya Ukraine, na kwao bibi huitwa "baba". Najua, hata mimi nilisumbuka mwanzoni. Ili tusichanganyane hapa tutamwita Bibi Paraska, na yaishe. Mama mzazi, Halyna, aliolewa akahamia Calgary, akamwacha mtoto kwa muda tu, mpaka watakapotulia. Hawakutulia. Kilichokuja badala yake kila Desemba ni kifurushi.

Siku ya kuzaliwa ya Jomar, Orysia alimnunulia buti za baridi. Jomar akazikumbatia, kisha akaanza kujipekua mifukoni kama aliyeibiwa.

"Unatafuta nini?"

"Sarafu. Shika dola hii, shika haraka! Kwetu mtu akikupa viatu bure, utavivaa utembee umwache. Kisu hivyohivyo, kinakata urafiki. Lazima ulipe chochote, isiwe zawadi tena, iwe umenunua."

"We mwanamume mzima unaamini hayo?"

"Siamini. Ila siwezi kukaa bila wewe kwa sababu ya ubahili wa dola moja. Shika."

Akaishika, na tangu siku ile ilikaa kwenye mfuko mdogo wa pochi yake.

Mwezi wa Novemba Jomar akampigia simu kutoka chini ya nyumba ya mtu, mtambo unanguruma nyuma yake.

"Bi Kulungu, nimeamua. Krismasi naongea na bibi yako."

"Unaongea naye nini?"

"Bei ya vitunguu. We unadhani nini?"

Orysia alifurahi, ndiyo, alifurahi sana, lakini ndani ya ile furaha kulikuwa na kitu kinamkwaruza. Wiki iliyopita, mezani, Jomar alikuwa amesugua mikono akasema kwa baridi hii si ajabu akahamia Vancouver kwa dada yake. Alikuwa anatania. Ila Bibi Paraska aliweka kijiko chini, na hakukiokota tena.

Siku ya Krismasi ikafika. Bibi Paraska ana Krismasi mbili: ya Desemba ni ya zawadi, ya Januari, kwa kalenda ya zamani, ni ya Mungu. Jomar alikuja amechana nywele kwa maji, shati jeupe, na lile sweta lenye pua. Wakafungua kifurushi cha Calgary kwanza. Bibi akapata mashine ya kuoka mkate, yeye ambaye mkate wake watu wanaugombea kanisani. Orysia akapata vazi la kuogelea. Desemba, Winnipeg, nje hata mate yanaganda. Na kipimo chake ni cha msichana wa miaka kumi na mbili.

Simu ikalia. "Limekutosha, mwanangu?"

"Limenitosha, mama. Zuri sana. Asante."

"Na mama yangu, ameipenda mashine?"

"Ameipenda."

Bibi Paraska aliitazama mashine, akaifunika kitambaa kama maiti. Kisha akaenda chumbani, akarudi amebeba mzigo mzito uliofungwa karatasi ya dhahabu, akauweka mapajani kwa Jomar.

"Wako," akasema.

Jomar akachana karatasi. Ndani mlikuwa na bakuli la supu la kauri, kubwa, la rangi ya chungwa, limetengenezwa kwa umbo la boga. Mfuniko wake ulikuwa na kikonyo cha kijani.

Orysia alielewa palepale. Kwa watu wao, mvulana akija kuposa na hatakiwi, hakuna anayemtukana wala kumfukuza. Anapewa boga. Analibeba, anaondoka nalo, na njia nzima watu wanaliona. Kila mtoto wa Kiukraine mjini anajua, hata wale ambao lugha imewatoka.

"Boga!" Jomar akapaza sauti, uso umemng'aa. "Bibi, umejuaje? Mimi boga nalipenda kuliko nyama! Angalia na kikonyo chake! Hii ni zawadi nzuri kuliko zote nilizopewa Kanada hii."

Bibi Paraska aliangalia mikono yake. "Basi vizuri," akasema, akaenda kuchochea chai ambayo haikuhitaji kuchochewa.

Mlangoni, akivaa buti, Jomar alimnong'oneza Orysia. "Leo sijaongea. Nataka wazazi wangu wawe kwenye simu, mambo yafanyike kwa heshima. Tarehe sita Januari, mkesha wa ile Krismasi yenu ya pili. Bibi ananipenda, umemwona alivyonipa?"

Angemwambia palepale! Neno moja tu. Lakini alimwangalia alivyolikumbatia lile boga kifuani, kulungu anakonyeza nyuma yake, ikawa hawezi. "Endesha polepole," ndilo alilosema.

Siku zilizofuata Orysia hakula vizuri, hakulala vizuri. Dukani alimpa mzee mmoja miwani ya mtu mwingine. Kila akirudi nyumbani alisimama nyuma ya bibi yake jikoni, akafungua mdomo, akaufunga. Huenda Bibi hakukusudia. Huenda aliliona rahisi dukani akalichukua tu. Lakini Bibi Paraska si mtu wa kuokota boga bila kujua anaokota boga. Na akimuuliza, atajibu, na jibu likishatoka halirudi mdomoni.

Jomar naye alituma picha. Boga dirishani. Boga na jua la asubuhi. Boga limevalishwa kofia.

"Bi Kulungu mbona umepoa? Unaumwa?"

"Uchovu tu, mpenzi."

"Au umebadili mawazo? Niambie mapema nirudishe suti ya watu."

"Acha utani, Jomar."

"Haya, nimeacha. Nakupenda lakini, hilo siachi."

Alikata simu. Alijua anamwacha aende kuaibika, na bado hakusema.

Siku mbili kabla ya tarehe sita, simu ikalia akiwa kazini.

"Orysia."

Jina lake. Hakuna Bi Kulungu. Akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Boga maana yake nini?"

"Jomar..."

"Niko kwa mzee mmoja wa kwenu, mtambo wake ulizima. Nampigia soga, namweleza Krismasi yangu ilivyokuwa tamu. Nikamwonyesha picha. Yule mzee akavua kofia, Orysia. Akavua kofia kama kuna msiba, akaniambia, pole sana mwanangu. We ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipochana karatasi."

Alimsikia anavuta pumzi.

"Na mimi nimeliweka dirishani. Nimempigia mama nikamwonyesha. Mama akasema, hao watu wanakupenda, mwanangu. Wewe unaniona navalisha kofia boga nililofukuziwa, unaniandikia 'uchovu tu'?"

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi?"

"Niliogopa kumuuliza. Niliogopa akisema ndiyo, amekukataa, itanibidi..."

"Itakubidi nini? Uchague? Basi mimi nimeshaona ulichochagua. Yeye atoe boga, wewe unyamaze, mimi nijiondokee kimyakimya. Mmepanga vizuri."

"Hatukupanga! Jomar! Jomar?"

Alipiga tena, ikaita hadi mwisho. Jioni akapiga, asubuhi akapiga. Haikupokelewa.

Tarehe sita mchana jiko la Bibi Paraska lilikuwa limejaa mvuke. Ni karamu ya sahani kumi na mbili, hakuna nyama, hakuna maziwa. Uyoga, samaki, kabichi, ngano iliyopikwa na asali. Bibi na mjukuu walikuwa wamekaa wanafinya varenyky, vile vifuko vya unga vinavyojazwa viazi. Orysia alikuwa amevaa blauzi nyeupe iliyotariziwa nyekundu, macho yamemvimba.

Akafinya kimoja, kikapasuka. Akafinya kingine, nacho kikapasuka. Akaweka unga chini.

"Bibi. Lile boga."

Vidole vya Bibi Paraska havikusimama. "Nilikuwa nasubiri uniulize. Siku zote hizi nasubiri."

"Ulikusudia?"

"Nilikusudia."

Haya. Limetoka. Orysia alishangaa kwamba ukuta haukuanguka.

"Amekukosea nini?"

"Hajanikosea kitu. Mvulana mzuri, anakula, ananizibia madirisha baridi isiingie, bila kuombwa. Mama yako naye aliolewa na mvulana mzuri. Wakaenda Calgary, mwaka mmoja tu, wakasema." Sasa vidole vilisimama. "Halyna nimemzaa mimi. Nilijua kila alama mwilini mwake. Leo hajui kwamba mimi nakanda mkate kwa mikono kwa sababu napenda. Hajui kipimo chako, mtoto wake! Si roho mbaya, Orysia. Yeye hatuoni, basi. Ananunulia watu asiowajua. Nikasikia Vancouver. Nikaliona akilini lile boksi la posta linakuja mlangoni, safari hii aliyelituma ni wewe. Mashine nyingine, sweta lingine. Nikasema hapana. Bora boga."

Orysia alilia, lakini hakunyamaza. Pengine ndiyo mara ya kwanza maishani mwake kufanya yote mawili pamoja.

"Vancouver ilikuwa utani! Ungeuliza! Na mimi ningeuliza! Sisi wote hapa ndani tumekaa tunameza maneno, tunamwambia mama limenitosha, limenitosha, atajuaje sasa? Nampenda Jomar, Bibi. Ningekaa naye mtaa wa pili nikakuchosha kwa kuja kila siku. Lakini ukimfukuza, mimi sitakusamehe, nitaondoka, na hapo ndipo utakaponipata kwenye boksi."

Akafuta mikono, akachukua simu, akaenda kwenye baraza la baridi bila koti. Ikaita hadi mwisho. Akaacha ujumbe wa sauti, meno yanagongana.

"Jomar, ni mimi. Nimemuuliza. Alikusudia, ni kweli, anaogopa utanichukua mbali. Mimi sikupanga chochote, mimi nilikuwa mwoga tu, na nimekuaibisha, nisamehe. Dola yako ya viatu bado ninayo. Leo tunakula nyota ya kwanza ikitoka. Uje, usije, sahani yako naiweka."

Akaiweka. Meza ilitandikwa kitambaa cheupe, chini yake majani makavu kidogo, kama ilivyo kawaida ya siku ile. Bibi Paraska aliona sahani ya ziada. Akasimama dirishani kutazama nyota, kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kutazama nyota, na Orysia akagundua kwamba bibi yake alikuwa anatazama barabara.

"Imetoka," Bibi akasema mwishowe, kwa shingo upande. "Tukae."

Kengele ya mlango ikalia.

Jomar alisimama mlangoni, kope zimeganda theluji. Alivua buti alizonunua kwa dola moja, akazipanga vizuri ukutani. Chini ya jaketi kulungu alikuwa anawaka na kuzima. Na mikononi, limefungwa taulo, alikuwa amebeba boga.

Amekuja kulirudisha, Orysia akawaza. Bibi Paraska alinyanyuka ameshika ukingo wa meza, uso mweupe kama kitambaa.

Jomar hakumwangalia Orysia. Alikwenda moja kwa moja mezani, akalitua boga katikati ya sahani, akafunua mfuniko. Mvuke ukapanda, harufu ya nazi ikajaa chumba.

"Boga la nazi," akasema. "Kama mama anavyopika. Hamna nyama, hamna maziwa, hata kamba wa baharini sikutia. Nimeuliza kwa yule mzee wa mtambo, amenifundisha yote. Amenifundisha na maana ya hili bakuli."

"Mwanangu..." Bibi Paraska akaanza.

"Bibi, naomba nimalize, maana nikikatizwa nitakimbia. Kwenu boga ni boga. Kwetu zawadi yenye mkosi haikataliwi, haimrudii mtu usoni. Inanunuliwa." Akaingiza mkono mfukoni, akaweka sarafu ya dola moja mbele ya sahani ya bibi. "Kwa hiyo hukunipa boga. Umeniuzia."

Bibi Paraska aliitazama sarafu, kisha akamtazama kijana.

"Na Vancouver?"

"Vancouver hawana baridi ya kutosha, Bibi. Mimi fundi wa joto, nitakula nini huko?"

Kitu kikatikisika kwenye mdomo wa bibi kizee, ukashindwa kuamua kama unacheka au unalia. Akahesabu sahani za vyakula kwa kidole. "Kumi na tatu. Haifai." Akaiondoa kabichi mezani, akaiweka juu ya jiko. Kisha akaiokota sarafu, akainua pembe ya kitambaa, akaizika kwenye majani makavu.

"Ndiyo hivyo," akasema. "Boga lako, umelipa. Nilikuwa nalo hilohilo, sina jingine la kumpa mtu." Akageuka polepole. "Nimebaki na huyu tu."

Jomar alimtazama Orysia kwa mara ya kwanza tangu aingie. Macho yake nayo yalikuwa mekundu.

"Bi Kulungu."

"Abee," Orysia akasema, sauti haikufika mbali.

"Siku nyingine ukiogopa, niogopee kwa sauti."

"Nitaogopa kwa kelele."

Jomar akatoa simu, akaiegemeza kwenye ile mashine ya mkate, ambayo hatimaye ilipata kazi. Iloilo kulikuwa kumekucha, baba na mama wamevaa nguo za kanisani, wanapunga mikono. Kisha akajipekua mifuko yote, ya suruali, ya shati.

"Sina sarafu nyingine," akasema, jasho linamtoka.

"Huyu hauzwi, we mtoto," Bibi Paraska akasema, akajikalisha kitako. "Huyu anaombwa. Haya, omba, chakula kinapoa."